Lapi Yako Imekataa Windows 11? Usitoe Thao Mbili Kabla Usome Hii

Kama unaishi pande yoyote ya Kitengela, hii story unaijua. Lapi ulinunua ikiwa imetumika, ikakupeleka kolegi, na saa hii ndiyo inalipa rent kwa kazi za mtandao. Halafu Oktoba 14, 2025, Microsoft wakaacha kuhudumia Windows 10.

Ukijaribu kuhamia Windows 11, unakataliwa mlangoni. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kama ni Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kupanda. Yangu ni kizazi cha 6. Imeenda.

Juzi nikaipeleka kwa fundi. Akataka thao mbili: aniwekee Windows 11 kwa nguvu, plus programu ya "kuongeza RAM". Nusura nitume doh.

Wacha nikuchanue. Kuruka hicho kizuizi si uchawi. Kuna programu ya bure inaitwa Rufus, inakutengenezea flash ya Windows 11 yenye haiulizi mambo ya TPM. Kumlipa fundi kwa muda wake ni sawa, lakini ujue unalipia muda, si siri. Na Microsoft wamesema wazi kuwa mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho. Yakikatika, utarudi kwa fundi na thao zingine mbili.

Hiyo ya RAM nayo ni ukora wa kitambo. Mwaka 1995 huko Marekani kampuni ya Syncronys iliuza SoftRAM95, ikiahidi kuongeza RAM mara dufu. Watu wakanunua kwa malaki. Wataalamu walipoifungua, wakapata haifanyi hiyo kazi, na serikali ikaingilia. Miaka thelathini baadaye, hiyo hiyo hadithi imefika Namanga Road.

RAM ni kifaa, unaishika na mkono. Programu haiwezi kuizaa.

Sasa ufanye nini? Microsoft wana mpango wa kuongezea Windows 10 mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Ni dola 30, ama bure ukihifadhi mipangilio yako kwa akaunti yao. Anza hapo. Kama kazi yako yote iko kwa brauza, jaribu Linux Mint, haina bei. Na ile thao mbili, iweke kando ya kununua SSD ama RAM yenyewe. Lapi yenye diski ya kuzunguka ikipata SSD, utadhani umenunua ingine.

Cha mwisho: programu za kukraki zinaweza kubeba virusi vya kuiba pasiwadi. Hapo hupotezi thao mbili tu, unapoteza akaunti yenye inakulisha.

Wewe fundi amekuitisha ngapi?