Tahadhari Kabla ya Mbio

Baiskeli ni chombo cha kila siku Visiwani. Kijana aliyezoea kupanda vilima vya Pemba hakosi msingi wa kushiriki mbio ndefu za baiskeli za milimani, mchezo ulioingizwa katika Olimpiki mwaka 1996. Hata hivyo, mazoea si kinga, nasi tunaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba uhai wa mwendeshaji una thamani kuliko kikombe.

Kitu cha kwanza kukaguliwa ni breki, kwani mteremko wenye udongo ulioloa hauna huruma. Kisha ifuate helmeti yenye ukanda wa kukaza kidevuni, tairi pana zenye meno, mpira wa akiba na pampu. Wingi wa gia na rangi za kumetameta ni mambo ya baadaye.

Mwili nao ni chombo. Katika mwendo wa saa nyingi, mwendeshaji huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa. Ndizi mbivu mbili zatosha. Hapana haja ya kungojea vyakula vya pakiti kutoka ng'ambo. Maji yanywewe kidogo kidogo, na chumvi isisahauliwe, kwani jasho huondoa vyote viwili.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wasitoe kibali cha mashindano mpaka breki na helmeti zikaguliwe, vituo vya maji vipangwe na gari la wagonjwa liwe tayari. Wazazi na viongozi wa vilabu nao wasingojee kuamrishwa. Tahadhari ni kabla ya hatari.