Nyumba 100 kwa Mhudumu Mmoja

Tumezoea kudhani kuwa dawa ya safu ndefu hospitalini ni kuongeza madaktari. Wanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini Migori na Homa Bay, kule ukingoni mwa Ziwa Viktoria, zimetangulia kuuliza: ni nani hasa anayestahili kufika mbele ya daktari, na ni nani angeweza kuhudumiwa karibu na mlango wake?

Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU katika hospitali ya Homa Bay. Kadiri watu walivyopona kifo ndivyo safu ilivyorefuka, kwani mwenye maradhi ya kudumu hurudi maisha yake yote. Hatimaye mwongozo wa serikali wa 2016 ukawatenganisha wagonjwa: mpya au dhaifu huonana na mganga mara kwa mara, aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa, au huchukuliwa na mwenzake wa kikundi.

Huko Lwala, Migori, ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walifungua hospitali ya jamii mwaka 2007. Kilichotupendeza ni kuwa wakunga wa jadi hawakufukuzwa. Walifunzwa, wakalipwa, wakakabidhiwa nyumba za kuzitembelea. Mama mjamzito alikuwa akimwamini mkunga tangu hapo. Sasa mkunga huyo huyo ndiye anayemsindikiza kwenda kujifungulia hospitalini.

Mwaka 2023 serikali ikazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja akikadiriwa nyumba 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Tupige hesabu: ni shilingi 50 kwa nyumba. Na nyumba 100 za mtaani si sawa na nyumba 100 zilizotawanyika mashambani, wala nyumba yenye kikongwe asiyejiweza si sawa na ya vijana wenye afya. Ugawaji unaohesabu milango bila kuhesabu wagonjwa humpunguzia daktari mzigo kwa kumtwika mwanamke aendaye kwa miguu. Tunaona kaunti zina wajibu wa kulirekebisha hili, na posho isicheleweshwe.

Nasi, aliye na mjamzito au mtoto mchanga nyumbani na amuulize mzee wa mtaa, wiki hii, ni nani mhudumu wa nyumba yake.