Bando limekwisha, usikimbilie fimbo

Mwezi uliopita mama mmoja hapa Bungu, anayeuza korosho kando ya barabara ya Kilwa, alinisimulia kisa cha bando lake. Alinunua la wiki kwa Sh5,000 Jumapili usiku, Jumatatu jioni likakata. Oda za wateja wake wa Dar es Salaam huja kwa WhatsApp, hivyo siku hiyo biashara ililala. Simu ilikuwa imeshinda kwa mwanawe wa miaka saba.

“Nilishashika fimbo,” aliniambia. “Nikamuuliza, bando langu liko wapi? Akasema, ‘Mama, nimeangalia katuni moja tu, nairudiarudia.’”

Mtoto hakudanganya. Hakujua kwamba video ya mtandaoni inaweza kula bando upya kila inaporudiwa. Nani alimwambia?

Mzazi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu za kikatili. Inataka kumrekebisha mtoto kuendane na umri, mwili na akili yake, na haihalalishi adhabu ambayo mtoto hawezi kuelewa sababu yake. Kiafya nako, kofi la sikioni linaweza kutoboa ngoma ya sikio. Bando hununuliwa tena, sikio je?

Sisemi mtoto aachwe tu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini tenganisha asiyejua na mkaidi. Asiyejua mfundishe: mwonyeshe salio la bando kabla na baada ya katuni moja, aone lilivyopungua. Aliyekatazwa akarudia, mnyime simu siku mbili au tatu. Mweleze sababu kwanza, na siku zikiisha timiza ahadi yako. Kijana mkubwa aliyejiunga bando kwa siri kwa pesa iliyo kwenye simu yako, arudishe kidogokidogo kutoka kwenye pesa yake ya matumizi.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Pakua katuni mbili tatu, kisha zima data kabla ya kumkabidhi simu. Namba ya siri ya pesa ibaki kichwani mwako. Mpangie muda, maana simu ya kutwa nzima humwibia mtoto michezo na usingizi.

Yule mama aliiweka fimbo chini. Siku hizi, anasema, mwanawe ndiye anayemkumbusha: “Mama, umezima data?”