Askari Asiadhibiwe kwa Kuomba Tiba

Kila tarehe 25 Julai Taifa letu la Tanzania husimama kuwakumbuka mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, viongozi wa dini husoma dua. Ni haki ya waliokufa, na idumu. Mimi leo nina neno juu ya waliorudi wakiwa hai.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi gizani. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Anayepigwa risasi ya paja katika vita kama ile hupandishwa ndege, hupasuliwa, hupewa mapumziko, wala hapana anayemwuliza kwa nini anachechemea. Je, yule anayetoka bila mchubuko, baada ya kulala usiku kucha kando ya maiti ya rafiki yake, nani anamwandika katika orodha ya majeruhi?

Huyu hupokewa nyumbani kwa shangwe. Baada ya miezi, pengine miaka, mambo huanza. Usingizi haumjii; ukimjia, huzinduka akipiga kelele, jasho likimtiririka. Harusini hakai ila pale anapouona mlango. Fataki za mwaka mpya humtoa mbio. Watoto wake hujifunza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe. Majirani husema jeshi limemharibu, au ana pepo, au pombe imemshinda. Kumbe anakunywa ili apate angalau saa mbili za kulala.

Maradhi haya yanajulikana, na yanatibika. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa, miaka michache baada ya vita vya Vietnam. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, wala si mazungumzo ya kubembelezana. Mgonjwa huketi na mtaalamu, kwa kawaida mara moja kwa wiki, vikao 8 hadi 15 au zaidi. Huongozwa kuisimulia ile saa anayoikimbia, kidogo kidogo, tena na tena, mpaka ikome kumjia kana kwamba inatokea sasa hivi, ikae pamoja na mambo yaliyopita. Huulizwa pia juu ya hukumu alizojihukumu: kwamba alimtupa mwenzake, kwamba yeye ndiye aliyestahili kufa. Hukumu hizo hupimwa moja moja, kwa haki na bila haraka. Ni kazi nzito. Wako wanaotaka kuiacha baada ya vikao vya mwanzo, na hapo ndipo anapohitajika mke au ndugu mwenye subira. Dawa nazo zipo. Sala pia ina nafasi yake; shehe au padri mwenye busara humwombea mgonjwa, kisha humsindikiza hospitali.

Basi ikiwa tiba ipo, kwa nini askari haiendei? Naamini sababu kubwa ni hofu, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Akisema kwamba moyo wake hauna amani, anaona atanyang'anywa silaha, ataondolewa katika orodha ya safari ijayo, cheo kitampita, na wenzake watamwita mwoga. Tunamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, ilhali sisi ndio tunaomlazimisha kuyaficha.

Mambo haya yamewahi kumwaga damu. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari 306 wa kwake na wa makoloni yake kwa utoro, woga na makosa kama hayo. Mmoja wao, Harry Farr, alikuwa amelazwa miezi mitano mwaka 1915 kwa sababu mizinga ilimvuruga akili. Oktoba 1916 alisimamishwa mbele ya bunduki za wenzake, akafa akiwa na miaka 25. Msamaha ulipatikana mwaka 2006. Miaka 90 familia yake ilibeba aibu ya maradhi.

Wako makamanda watakaosema: tukiwaruhusu askari kulia, jeshi litalegea. Naheshimu wasiwasi wao, lakini siukubali. Askari anayeumwa kimyakimya tayari yuko lindoni na bunduki mkononi. Lipi la hatari zaidi, yeye kujulikana na kupumzishwa kwa muda, au kuachwa hivyo hivyo? Jeshi imara ni lile linalowajua wagonjwa wake.

Naomba basi mambo haya. Kila anayerudi kutoka ulinzi wa amani akutane na mtaalamu, jenerali na askari wa kawaida sawa, ili kwenda kusiwe alama ya mtu fulani. Siri ya chumba cha mtaalamu isifike mezani pa anayepandisha vyeo, isipokuwa pale maisha ya mtu yamo hatarini. Mwenye kupumzishwa arudishiwe kazi yake akipona. Na sheria nayo itazamwe: Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, ilhali kwetu Kanuni ya Adhabu bado inamhesabu mkosaji. Nani atamwambia daktari kwamba anafikiria kujiua, hali anajua kujaribu ni kesi?

Tusiwasahau wazee wa vita vya Kagera. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo ni mzee wa karibu miaka 70, na wengine wao, wakiwemo mgambo waliorudi moja kwa moja kwenye majembe yao, hawakuwahi kuulizwa wanalalaje.

Nawe msomaji, kama yuko nyumbani kwako aliyevaa sare na sasa halali, usimcheke wala usimwite mkali. Mwulize, msikilize, kisha mpeleke hospitali, nawe uketi naye foleni.