Lugha Haiingii kwa Kiboko

Juma lililopita mzee mmoja, jirani yangu, alinijia jioni pamoja na mjukuu wake wa darasa la tatu. Akanionyesha daftari ya mtoto, akasema, "Mwanangu, wewe ni karani, nieleze. Huyu ajua kuandika Kiingereza ukurasa mzima, lakini mgeni akimsalimu kwa lugha hiyo hukimbilia nyuma ya mama yake. Kosa ni lake au la mwalimu?"

Nilimjibu kwa habari ya nchi ya mbali, nami naona yafaa niwape wasomaji pia.

Katika Korea ya Kusini watoto walianza kufundishwa Kiingereza tangu darasa la tatu mwaka 1997. Wazazi wa huko hulipa fedha nyingi ili watoto wao wasome tena jioni, baada ya shule. Hata hivyo wengi walipatwa na ugonjwa wa mjukuu huyu: kalamu yajua, ulimi haujui. Basi serikali ya jimbo la Gyeonggi, linalouzunguka mji mkuu wa Seoul, ikajenga kambi zilizoitwa vijiji vya Kiingereza. Cha kwanza kilifunguliwa Ansan mwaka 2004, na kikubwa zaidi Paju mwaka 2006.

Mtoto alipofika langoni aliulizwa habari zake kwa Kiingereza, kana kwamba aingia nchi ya kigeni. Ndani alikuta posta, benki na maduka, na walimu waliotoka ng'ambo. Wanafunzi walikaa humo siku kadhaa, wakila na kulala. Aliyetaka kitu hakuwa na budi kukiomba kwa Kiingereza.

Watoto wadogo hawaanzishwi kwa sarufi. Mwalimu husema "Simameni," naye husimama. Husema "Shikeni pua," naye hushika yake. Njia hii ilielezwa na mtaalamu wa Marekani, James Asher, katika miaka ya 1960: mwili hutii kwanza, ulimi hufuata baadaye. Asiye tayari kusema halazimishwi. Akikosea hachekwi, mwalimu huyarudia maneno yale kwa usahihi, na mchezo huendelea.

Mimi sikufundishwa hivyo. Shuleni kwetu, aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni mpaka jioni. Nilichojifunza ni kunyamaza. Nilipoanza kazi niliweza kuandika barua ndefu bila kosa, lakini simu ya ofisi ilipolia nilitoka nje kama mwenye haja.

Kambi zile si dawa ya kila jambo. Nyingi zilipata hasara, na siku chache haziwezi kumpa mtoto lugha. Lakini zaweza kumwondolea hofu.

Tena jambo hilo halihitaji posta ya bandia. Jioni ile nilimwambia mtoto kwa Kiingereza aniletee kikombe. Akaleta sahani. Mzee alitaka kumkaripia, nikamwomba, "Mzee, subiri kidogo." Nikaiinua sahani, nikaitaja, kisha nikakionyesha kikombe, nikakitaja pia. Mtoto akaenda, akarudi nacho, akalitamka jina lake kwa sauti kubwa.

Ndugu mzazi, jaribu nyumbani kwako leo, dakika kumi tu. Na kiboko kikae mahali pake.