Puli nyepesi si uchumi



Natoa maoni yangu juu ya jambo linaloenea miongoni mwa madereva na mafundi wa huku kwetu Shinyanga na Geita. Jambo lenyewe ni hili la kung'oa puli ya krenkishafti iliyotoka na gari kiwandani na kufunga nyingine nyepesi ya alumini.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kahama. Wateja wangu wengi ni wenye magari madogo ya abiria, haya tunayoyaita michomoko, yaendayo Geita, Katoro, Ushirombo na kwenye machimbo. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, dereva naye anataka abakiwe na chochote cha kupeleka nyumbani, na mafuta ni ghali. Kwa hiyo akitokea mtu akasema kuna kifaa cha kulifanya gari livute upesi na kula mafuta kidogo, hakosi wa kumsikiliza. Baadhi ya puli hizi huuzwa zikiwa na rangi nyekundu au buluu ya kuvutia. Nyingine hukerezwa papa hapa kutokana na alumini chakavu iliyoyeyushwa.

Kwanza niseme kuwa maneno ya wauzaji hao si uongo mtupu. Kwa ukubwa ule ule, alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma. Injini yenye puli nyepesi hupanda upesi kidogo ukikanyaga mafuta, na ndiyo sababu watu wa mashindano ya magari huitumia. Lakini injini ya mashindano hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Injini ya mchomoko hufunguliwa siku ikifa.

Na hayo mafuta yanayookolewa ni kiasi gani? Uzito unaozunguka huhitaji nguvu ya ziada wakati wa kuongeza mwendo tu. Gari likishashika mwendo mmoja barabarani, wepesi wa puli hausaidii kitu. Nimepiga hesabu ya gari la kilo 1,300 pamoja na abiria wake, linalokwenda kilomita 80 kwa saa huku injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukipunguza kilo moja na nusu kwenye puli yenye upana wa sentimita 14, nguvu unayookoa haifiki hata sehemu moja ya elfu moja ya nguvu iliyolifikisha gari kwenye mwendo huo. Dereva akimwambia abiria mmoja ashushe gunia la mchele, ameokoa zaidi.

Sasa tutazame hasara. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa wanajua kuwa injini ya dizeli ya silinda moja inayozungusha karasha ina gurudumu zito ubavuni. Hakuna mwenye karasha anayelichonga gurudumu hilo liwe jepesi, kwa kuwa uzito ule ndio unaoifanya injini izunguke bila kushtukashtuka. Uzito una kazi yake. Katika gari kazi hiyo hufanywa na flaiwili iliyoko nyuma ya injini. Puli ya mbele nayo, katika injini nyingi, ina kazi nyingine ambayo haionekani kwa macho.

Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, pistoni huipiga krenkishafti, nayo hujipinda kidogo sana kama mtu anayekamua nguo, kisha hurudi. Katika kasi fulani mapigo hayo hukutana na mtikisiko wa chuma chenyewe, yakaongezana kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo ndipo chuma huchoka. Mwanzoni mwa karne ya 20, krenkishafti ndefu za injini za silinda sita zilikuwa zikikatika kwa sababu hiyo, na Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa miongoni mwa waliobuni kifaa cha kuuzima mtikisiko huo. Leo kifaa hicho kimo ndani ya puli yenyewe. Katikati kuna kitovu, nje kuna pete nzito ya chuma, na baina yake kuna mpira. Pete na mpira huo ndivyo vinavyoupokea mtikisiko na kuumaliza.

Anayefunga kipande kitupu cha alumini amekitupa kifaa hicho. Krenkishafti fupi ya silinda nne huvumilia kuliko ndefu, na ndiyo maana gari haliharibiki siku ile ile. Mwenye gari hufurahi, fundi hulipwa, na mambo huonekana mazuri. Baada ya miezi bolti ya puli hulegea, chaveta hukatika, au gia za pampu ya oili zinazozungushwa na ncha ya krenkishafti hupata ufa. Nimepokea gereji kwangu gari la namna hiyo lililokokotwa usiku kutoka njia ya Geita, chaveta imekatika na ncha ya krenkishafti imeliwa. Mwenyewe alikuwa amelinunua kwa fedha za pamba za misimu miwili.

Tena wengine huchonga puli ikawa ndogo kuliko ya awali. Ukitoka sentimita 14 ukaenda 12, pampu ya maji na altaneta vinapoteza sehemu moja ya saba ya mwendo wake. Kwa jua la Shinyanga, na gari limejaa abiria, injini itachemka. Na vumbi la huku husaga mifereji ya alumini upesi kuliko ya chuma, mkanda ukaanza kuteleza.

Sisemi kwamba puli zote ni sawa. Zipo injini ndogo ambazo puli yake ya kiwandani ni chuma kitupu kisicho na mpira, na hizo madhara yake ni madogo. Kwa hiyo kabla ya kukubali, mwenye gari aitazame puli yake kwa mbele. Akiona duara la mpira baina ya kitovu na pete ya nje, aiache mahali pake. Mpira ukipasuka, atafute puli nyingine ya namna ile ile.

Wala siwapingi ndugu zetu wanaoyeyusha na kukereza. Katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na spea hazipatikani, mafundi wa namna yao ndio waliofanya magari na mashine za kusaga za nchi hii ziendelee kutembea. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kukuza viwanda vidogo kama vyao. Kazi ipo tele: masufuria, na puli za mashine ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. Ombi langu ni kwamba SIDO iwaonyeshe ni vifaa gani vya kuiga na vipi vya kuacha, na VETA iwafundishe vijana wa ufundi magari kazi ya mpira huo kabla hawajashika spana.

Kwa madereva nina neno moja. Shusheni mizigo isiyo ya lazima, pimeni upepo wa magurudumu kila asubuhi, badilisheni oili kwa wakati. Hayo hayana rangi nyekundu wala buluu, lakini ndiyo yanayookoa mafuta.

Fundi wa Magari,
Kahama, Shinyanga.