Kwanza Watu, Kisha Gari

Darasani tunafundishwa neno zimamoto. Kwetu Walikale halitumiki. Tunasema pompie, na hata huyo pompie wengi wetu tumemwona Goma tu.

Nilipokuwa darasa la sita, nyumba ya jirani iliwaka usiku. Ilikuwa ya mbao kama zetu zote, na bidoni ya petroli ya pikipiki ilikaa karibu na mbabula. Walikuja wanaume zaidi ya thelathini. Wengine walikimbia mtoni na ndoo, wengine walibomoa ukuta wa upande usiofaa, upepo ukaingia, moto ukapanda. Kijana mmoja aliingia kuokoa cherehani ya mama yake. Hakuna aliyekuwa akihesabu nani ameingia na nani ametoka. Alitoka mwenyewe, mikono imeungua. Tangu siku hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba tunakosa mikono. Thelathini walikuwepo. Walikosekana wanne wanaojua kazi.

Nasema wanne makusudi. Marekani, kanuni ya usalama kazini inataka wawili wakiingia ndani ya moshi, wawili wengine wabaki nje tayari kuwatoa. Sasa hesabu: watu wanne kwa zamu, zamu tatu kwa siku, ni 12. Kila mmoja akipumzika siku moja kwa juma, wanakuwa 14. Ongeza wawili kwa ajili ya ugonjwa na msiba: 16. Watu 16 kwa Walikale-centre, 16 kwa Masisi-centre. Ni wachache kuliko walimu wa shule moja kubwa.

Lakini tukidai zimamoto, tunaahidiwa gari. Gari la kutoka Goma hadi Masisi-centre lina karibu kilomita 80 za kupanda milima, na mvua ikinyesha kila dereva anajua matope yale. Litakuta majivu. Mimi ningeanza na pampu ndogo ya injini inayobebwa na pikipiki, pamoja na watu wanaolala karibu nayo.

Tena kazi yenyewe si maji tu. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja kuchota petroli, wengine walikuwa jirani hapo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliua zaidi ya watu 230. Mahali kama pale, pompie wa kwanza kufika hashiki mpira wa maji, anafukuza watu. Mtu mmoja hawezi kuufukuza umati, na asiye na sare hasikilizwi.

Najua jibu: kuna vita. Machi 2025 M23 iliingia Walikale-centre na watu wakakimbilia msituni. Ni kweli, na anayezima moto usiku lazima ajulikane kwenye kila barie, la sivyo atapigwa risasi akiwa na ndoo mkononi. Ila moto wa jikoni haungoji mkataba wa amani. Kuhusu fedha, kila mama mwenye meza sokoni analipa ushuru, na sekta zetu na cheferi zina bajeti zake tangu sheria ya ugatuzi ya 2008. Tusiwadanganye vijana kwa semina ya siku mbili, kofia na picha. Asiyelipwa mwisho wa mwezi atashuka shimoni, Bisie au Rubaya, na ujuzi wake utashuka naye.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa kitivo hiki. Mafunzo ya namna hii huku kwetu huletwa kwa Kifaransa. «Reculez!» haimwambii kitu bibi anayerudi ndani kumtafuta mjukuu. Amri zote za kazi hiyo zinaweza kuenea ukurasa mmoja wa Kiswahili, kile cha kwetu, na tunaweza kuuandika kabla ya mitihani.